Makombo ya Walezi

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Maskini ya Mungu, hawakujua kwamba ingefika siku nywele hizo zingenyolewa na kubandikwa kichwa kingine, na kwamba vinyozi wangekuwa wasomi wenye suti.

Siku ya Kutaja Malengo, ukumbi wa Chuo cha Uhandisi wa Mvuke ulijaa hadi madirishani. Chuo chenyewe kiko huko juu milimani, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi na mhadhiri hufundisha na sweta mbili. Walezi walikaa mbele. Hao walezi ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu, watu ambao wenyewe bado hawajamaliza kufundishwa, lakini kila mmoja amekabidhiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amlee. Kabla ya kulea, mlezi husimama mbele ya watu akataja utafiti wake na mahali anapotaka kufika maishani. Eti ni ili mlelewa ajue anaongozwa na mtu mwenye dira.

Alianza Ambakisye. Suti ya samawati, tai ya njano, na viatu ambavyo havijawahi kuliona tope la kisima chochote cha mvuke.

"Utafiti wangu," akasema, huku akingoja wapiga picha wasogee, "unahusu usimamizi jumuishi wa mifumo endelevu ya nishati. Lengo langu ni kuwa mkurugenzi kabla sijafika miaka arobaini."

Makofi. Profesa Ng'umbi, mkuu wa chuo, alitikisa kichwa kwa furaha mpaka miwani ikateleza.

Tusekile, aliyekaa kiti cha pili, alikunja mdomo. Mifumo endelevu gani, na mtu mwenyewe bomba la mwisho kuligusa lilikuwa la bafuni? Tusekile alikuwa hivyo. Alikuwa na dharau ya kutosha ukumbi mzima na ikabaki ya kupeleka nyumbani. Ila ilipofika zamu yake alisimama wima kama wenzake, akasawazisha sketi, akatabasamu palepale walipotabasamu.

"Natengeneza chombo cha kusikia maji yaliyolala ndani ya bomba la mvuke," akasema. "Lengo langu ni nafasi ya mtafiti mkuu, makao makuu ya shirika la visima."

Mstari wa mbele palikuwa na bwana mmoja kutoka hukohuko makao makuu. Tusekile alimwangalia yeye tu. Mwanafunzi ambaye yeye alikabidhiwa kumlea alikuwa nyuma kabisa, amesimama kwa kukosa kiti, na Tusekile hakumtupia hata jicho.

* * *

Chumba cha kumegea kina viti viwili na kofia mbili za chuma ambazo wanafunzi huziita masufuria. Mlezi anavaa moja, mlelewa anavaa nyingine, mtambo unaunguruma kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na ujuzi unatoka kichwa hiki unaingia kile. Unatoka kwelikweli. Ukimmegea mtu ustadi wa kuchomelea vyuma, kesho yake wewe unaishika mashine ya kuchomelea kama mtoto anavyoshika kijiko. Na kilichomegwa hakirudi.

Ndiyo maana yale malengo hutajwa kwanza. Mtambo unayasikiliza, kisha unamwonyesha mlezi, kwa taa ya njano, ujuzi alionao ambao hautamfaa huko aendako. Huo ndio anaoutoa. Kwenye makaratasi ya chuo unaitwa Hazina ya Ziada. Wanafunzi wanauita makombo, na wako sahihi. Mlezi mmoja alimmegea kijana wa watu ustadi wa kufunga tai kwa namna nne. Mwingine alitoa kuandika mihtasari ya vikao. Chuo kikawa kinahitimisha wahandisi wanaojua kufunga tai na kuogopa spana, na kila mwaka Profesa Ng'umbi anapewa ngao.

Mama Lwitiko, yule mlelewa aliyekosa kiti, alikuwa tayari ameketi Tusekile alipoingia. Mwanamke wa miaka hamsini na ushei, kifua kipana, kitenge juu ya ovaroli. Alikuwa ameuza vipuri vya magari mjini mpaka mwanawe Lwitiko akaanza kujitegemea, kisha akafunga duka akaja kusoma, watu wakamcheka. Hesabu zilimpa tabu, lakini alizirudia mpaka zikakubali.

"Shikamoo," Tusekile akasema, kwa kuwa hata dharau ina mipaka.

"Marahaba, mwanangu. Samahani, mwalimu."

"Leo nakumegea ustadi wa kupanga grafu. Rangi, vipimo, maandishi. Kazi zako zitapendeza sana."

"Grafu." Mama Lwitiko alilishika sufuria lake magotini bila kulivaa. "Mwalimu, mimi nimepangiwa mafunzo ya vitendo Kisima cha Tano. Zamu ya bomba. Nitasimama palepale linapopinda, kwenye kona, nilichunge. Grafu itanisaidia nini pale? Nijipepee?"

"Kila mlezi anatoa anachoweza, mama."

"Unaweza kutoa sikio."

Kumbe habari zilikuwa zimefika. Kabla ya kuja chuoni alikuwa amefanya kazi visimani miaka mitatu, na huko sikio lake lilizoea kitu ambacho watu wachache sana hukisikia. Bomba likikaa baridi, mvuke uliobaki ndani hugeuka maji, nayo hulala chini kimya. Ukifungulia mvuke mpya kwa pupa, unayabeba yale maji kwa kasi na kuyapiga mahali bomba linapopinda, na chuma kinapasuka. Mwaka juzi kona ya Kisima cha Tano ilimvunja kijana nyonga zote mbili. Katikati ya ngurumo yoyote ile, Tusekile aliweza kuyasikia maji yalipolala.

"Sikio siwezi," akasema. "Ndilo ninalotumia kukifundisha chombo changu. Nikilitoa leo, chombo kinakufa. Nikibaki nalo nikamaliza, kila mtu kwenye kila kisima atasikia. Nikuokoe wewe mmoja, au wote?"

Alikuwa amejijibu swali hilo mara nyingi, na kila mara lilimtoka vizuri hivyohivyo.

"Kitakwisha lini hicho chombo?"

"Karibuni."

"Karibuni ya mwaka jana au ya mwaka huu? Maana nimewauliza uliowalea kabla yangu."

"Mama, usinikosee adabu."

"Sijakukosea, mwanangu. Nimeuza vipuri miaka mingi. Mtu akitaka kuniuzia cha mtumba kwa jina la kipya, namjua kwa anavyoongea." Akalivaa sufuria, akaketi vizuri. "Haya, nipe hizo grafu. Nimekuja kula, lakini kama kilichopo ni kuosha vyombo, tutaosha."

Akamegewa grafu. Jioni ile Tusekile alijaribu kuchora yake, ikatoka kama nyayo za kuku. Aliichana, akajiambia kuwa makao makuu kuna watu wa kuchora.

* * *

Kisima cha Tano kilifunguliwa upya mbele ya mgeni rasmi. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vyenye mashela, kwaya, mchungaji wa sala, na zulia jekundu lililotandikwa juu ya tope kana kwamba tope litaona haya liondoke. Bomba lilikuwa limelala baridi juma zima. Aliyeteuliwa kufungua vali alikuwa Ambakisye, kwa sababu suti yake ndiyo iliyoendana na mapambo.

Tusekile aliposikia hivyo, alikumbuka jambo. Alikuwepo, miaka minne nyuma, siku Ambakisye alipommegea mlelewa wake wa kwanza. Alijigamba mwenyewe mlangoni: "Nimempa ule mkono wa vali. Zungusha kidogo, ngoja, sikiliza, zungusha kidogo. Kazi ya mafundi hiyo, mimi ya nini?" Mlelewa yule alikwishahitimu, sasa yuko kiwanda cha soda, na subira yote ile ya Ambakisye inafungulia maji ya sukari. Ambakisye hakubaki nayo hata tone. Baya zaidi, hakukumbuka kwamba aliwahi kuwa nayo.

Tusekile angeweza kusema. Profesa Ng'umbi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Lakini bwana wa makao makuu alikuwa naye amekaa hapo, na mtu akiinuka kumsema mwenzake siku ya sherehe ataonekana ana wivu. Akatulia. Nyani haoni kundule, na yule binti aliyekuwa anawadharau wote ukumbini alikuwa ameketi vilevile walivyoketi wao.

Mama Lwitiko alikuwa kwenye kona ya bomba, kofia kichwani, macho mbele, kama alivyoagizwa.

Ambakisye alivua koti, akalikabidhi kwa mtu, akashika gurudumu la vali. Akatazama kamera. Kisha akazungusha moja kwa moja, mikono yote miwili, kama mtu anayefungua bomba la bustani.

Ngurumo ikaja. Watu wakapiga makofi. Ndani ya ngurumo, Tusekile akasikia maji yakiinuka.

"Funga!" akapiga kelele. "Kuna maji! Ambakisye, funga!"

"Tulia, dada Tuse," Ambakisye akajibu, meno yote nje. "Ni mvuke tu huo."

"Mama! Toka hapo kwenye kona!"

Mama Lwitiko hakusikia neno. Alimwona mlezi wake akipunga mkono upande ule mwingine wa sherehe, naye akapunga, akifurahi kwamba leo amesalimiwa mbele za watu.

Tusekile alikimbia. Aliangusha kiti cha mchungaji, akakanyaga zulia kwa viatu vya tope, akamdaka Mama Lwitiko kwa ukosi wa ovaroli akamvuta kwa uzito wake wote. Walikuwa hawajafika chini kona ilipopasuka. Chuma kilipita palepale mama alipokuwa amesimama, na maji ya moto yakamwagika, yakamchoma mama mkono kutoka begani hadi kiwikoni. Mgeni rasmi alionekana tena kwenye maegesho, na kiatu kimoja.

* * *

Profesa Ng'umbi aliliita hitilafu ndogo ya kiufundi. Katika taarifa ya chuo alimpongeza Ambakisye kwa utulivu aliouonyesha. Utulivu! Mtu alikuwa hajui kilichotokea, sasa angebabaika na nini?

Tusekile alimkuta Mama Lwitiko zahanati, mkono umefungwa, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto.

"Pole, mama."

"Nimekwisha poa. Kaa." Akamtazama. "Uliyasikia yale maji."

"Niliyasikia."

"Yanasikikaje?"

Tusekile alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Wote, pamoja na bwana wa makao makuu, waliuliza chombo kitakuwa tayari lini. "Kama maharage yanayotokota kwenye sufuria lenye kifuniko," akasema. "Halafu yananyamaza ghafla. Ukisikia yamenyamaza, kimbia."

"Mimi nilisikia kelele tu. Nilikupungia mkono, unajua? Nikasema leo mwalimu kanikumbuka."

Tusekile alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Zamu yako nyingine lini?"

"Jumatatu."

"Na mkono huu?"

"Nisipokwenda nafukuzwa. Wanasema kidonda hakizuii kusimama." Mama Lwitiko aliweka kikombe chini. "Usijali. Nimeona sasa kona iko wapi. Nitasimama mbali kidogo."

Mbali kidogo. Tusekile alijua kipande kile cha chuma kilikookotwa, kule chini bondeni, ng'ambo ya barabara.

Siku ileile alikwenda kwa Profesa Ng'umbi kuomba Mama Lwitiko aondolewe zamu ya bomba. Profesa alimsikiliza huku anakata parachichi.

"Tukimwondoa yeye, tutamweka nani? Wote hawana sikio, binti yangu. Wewe maliza chombo chako. Na nikutonye: makao makuu wananiulizia habari zako. Wanamtaka mwenye sikio. Sasa usiende ukafanya mambo ya huruma."

"Waliokuja na masikio si mimi tu, Profesa. Wapo wengine waliowahi kufanya kazi visimani. Kwa nini hatuwamegei watoto hivyo vinavyowafaa?"

"Nani akubali?" Profesa alishangaa kwa dhati, kipande cha parachichi kikiwa kwenye ncha ya kisu. "Mtu atoe kinachomfaa? Ataishije?"

Tusekile alitoka akiwa anamdharau kupita maelezo. Alipofika nusu ya korido akagundua kwamba maneno aliyoyasikia ni yake mwenyewe, yamesemwa tu na mtu mwenye mdomo uliojaa parachichi. Eti nikuokoe wewe mmoja, au wote. Hao wote walikuwa wapi? Miaka minne hakuna hata mmoja wao aliyemwona kwa macho. Huyu mmoja alimpungia mkono.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, aliketi chumba cha kumegea na Mama Lwitiko. Mtambo ukawaka taa nyekundu: ujuzi huu ni wa lazima kwa lengo lako. Ukamwuliza kama ana uhakika. Ukamwuliza tena.

"Una uhakika, mwanangu?" na Mama Lwitiko naye akauliza. Safari hii hakuomba samahani kwa kumwita mwanangu.

"Sina," Tusekile akasema, akabonyeza.

Mlangoni walikutana na Ambakisye. Taarifa za chumba kile zilimfikia upesi, kama zinavyofika kila mahali penye watu wasio na kazi.

"Dada, umejimaliza!" akasema. "Umetoa chungu chote na mwiko wake. Utabaki na nini sasa?"

"Wewe ulitoa mkono ukabaki na suti," Tusekile akamjibu. "Ukaitumia kuua mtu, bahati tu hakufa. Nipishe."

* * *

Ile nafasi ya makao makuu ikaenda kwa Ambakisye. Ndiyo, huyohuyo. Walisema wanahitaji mtu mtulivu.

Tusekile alibaki na chombo chake na kazi ambayo nusu yake hakuielewa tena. Alisoma maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, kuhusu sauti asizoweza kuzisikia, na akawa kama anasoma barua za mtu mwingine. Lakini chombo kilikuwa kimekaribia. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasema miaka yote, na sasa aliona heri akipime, angalau ijulikane.

Akakipeleka Kisima cha Tano, siku ya zamu ya Mama Lwitiko. Bomba jipya, kona mpya, baridi ya asubuhi. Fundi wa vali alianza kuzungusha. Tusekile alisimama karibu na kona, chombo kifuani, sikio lake mwenyewe likiwa wazi kabisa, na alichosikia kilikuwa ngurumo. Ngurumo tu, mwanzo mpaka mwisho, bila kitu ndani yake. Alitazama taa ya chombo. Kijani. Salama.

Mkono ulimshika begani, ule wenye kovu.

"Sogea, mwanangu."

"Chombo kinasema salama, mama."

"Maharage yamenyamaza. Sogea nakwambia!"

Mama Lwitiko alimpungia fundi afunge, huku anamkokota Tusekile nyuma, hatua ndefundefu, mpaka nyuma ya ukuta wa mawe. Bomba likaruka kwenye vishikio vyake, likagonga mara moja, kishindo kikawatikisa meno. Kisha likatulia. Lilikuwa limefungwa kwa wakati.

Tusekile alikaa chini kwenye nyasi zenye umande. Akakiangalia chombo cha miaka minne, kile ambacho kwa ajili yake alikuwa tayari mwanamke huyu asimame kwenye kona na grafu nzuri.

Taa ilikuwa bado kijani.

"Kiziwi huyo," Mama Lwitiko akasema, akiketi pembeni yake kwa kuguna.

Tusekile alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo, akayafuta kwa mkono wa sweta. Mama Lwitiko hakumbembeleza. Kule juu fundi alianza kufungua vali upya, kidogo, akangoja, kidogo tena.

Tusekile akakifungua chombo kifuniko, akakilaza magotini, akatoa bisibisi.

"Haya, mwalimu," akamwambia Mama Lwitiko. "Tuanze upya. Unasikia nini?"